Upande wa Dirishani

Asubuhi ya Jumanne hiyo nilikuwa barazani nachonga penseli, kazi ninayoifanya kila Jumanne ingawa siku hizi sina cha kuandika. Nilikuwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu aliyezoea kuandika hawezi kukaa na penseli butu ndani ya nyumba, kama mpishi asivyoweza kukaa na kisu butu.

Mpwa wangu aliingia bila kupiga hodi. Huyu ni binti wa pekee wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikalia kiti changu kwa sababu ndicho chenye mto.

"Mjomba, baba anakwenda milimani Alhamisi," alisema. "Anataka kumaliza kile kijitabu chao."

"Mwache aende. Kazi humpunguzia mtu mawazo."

"Hana mawazo, Mjomba. Ndiyo shida yenyewe. Jana nimemkuta amesimama jikoni, sahani mkononi, chakula kimepoa. Namwuliza, baba mbona huli? Ananiambia, nimeshakula. Na hajagusa hata kijiko."

Niliendelea kuchonga.

"Nenda naye," alisema. "Mama ameshaniponyoka. Huyu naomba unirudishie."

Nilimwambia nitamrudisha. Nilisema hivyo kama mtu anavyotia sahihi kupokea kifurushi.

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha nyumba ndogo za wageni za milimani. Kwa miaka kumi na tisa shemeji yangu na mdogo wangu walikitoa kila mwaka, kwa ajili ya watu waliochoka na mji lakini hawataki hoteli kubwa zenye lifti na muziki. Walikuwa wanazitafuta nyumba zenye sura yake, zinazojua zimejengwa na nani. Walilala usiku mmoja katika kila nyumba. Shemeji alitazama ya nje: paa, barabara, meko, ulimi wa mwenye nyumba. Mdogo wangu alitazama ya ndani, na maneno yake yalichapwa chini ya kila ukurasa, mafupi kama simu ya maandishi. "Maji ya moto: yanachelewa. Godoro: zuri upande wa dirishani." Kila godoro alilipima upande huo, kwa sababu hakuweza kulala kwingine. Mumewe alilala ukutani.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni mwalimu aliufunga mkono ule kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia kama wenzake. Yeye hakubisha. Aliweka kalamu chini, akangoja wafungue. Mwandiko wake ulilalia nyuma, na wino ulichafuka kidogo pale kiganja kilipopita juu ya maneno. Ningeutambua mwandiko ule hata gizani.

Alikuwa amefariki wiki kumi na moja kabla ya Jumanne hiyo. Kifua. Alikohoa vikohozi vitatu vifupi, akanyamaza, akakohoa tena vitatu, hivyo hivyo kwa miezi minne. Fomu ya kifo niliijaza mimi kwa sababu najua inavyojazwa. Sikulia. Shemeji naye hakulia. Tulikuwa wazee wawili tuliokaa juu ya viti vya kukodi, watu wakitupa mkono wa pole.

*

Alhamisi tuliondoka kwa gari lake dogo. Shemeji alikuwa na desturi ya kuliwasha kila siku saa moja kamili asubuhi na kuliacha lingurume dakika tano, liwe linakwenda safari au haliendi. Alisema gari ni kama mtu mzima, haliamshwi kwa kukurupushwa. Mdogo wangu alimtania kwamba gari lile analijulia hali kuliko mkewe. Mdogo wangu mwenyewe hakujifunza kuendesha gari maisha yake yote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja ambaye wafanyakazi wake walimwita Mkurugenzi. Alikuwa na maua ya plastiki aliyoyapulizia manukato, na kipaza sauti sebuleni, na vyumba alivyovipa majina ya fadhila.

"Ninyi nimewaweka Uvumilivu," alituambia.

"Nimeona kwa nini," shemeji alisema, akagusa kitanda, kikalia kama mlango wa zizi. Katika daftari lake aliandika neno moja. Hapana.

Nyumba ya pili iliendeshwa na kina mama wawili wa tumbo moja, wote wajane, waliogombana kwa sauti ya chini tangu tulipoingia mpaka tulipotoka.

"Usimsikilize huyu, blanketi moja halitoshi."

"Linatosha kwa mwenye nyama."

"Na hawa unaona wana nyama wapi?"

Mkate wao ulikuwa wa moto na mashuka yao yalinukia jua. Shemeji aliandika, Ndiyo. Lakini hakutabasamu, na mkate hakuumaliza. Niliufunga ndani ya leso, nikauweka mfukoni, kana kwamba nitaupeleka kwa mpwa wangu kama risiti.

Nyumba ya tatu ilikuwa juu zaidi. Nafasi yake ilikuwa imeombwa kwa barua miezi mitano nyuma, wakati mdogo wangu bado anapanda ngazi bila kupumzika katikati. Hakuna aliyekumbuka kuandika barua nyingine.

Ilikuwa nyumba ya mawe, ghorofa mbili, vyumba saba. Haikuwa na kibao. Ngazi zilikuwa za mbao zilizosuguliwa kwa nta, na meko ilikuwa inawaka ingawa ndiyo kwanza saa nane mchana. Mtu akiniuliza nyumba yenye sura yake ni ipi, ningemwambia ni ile. Mlangoni wageni huvua viatu na kupewa ndara za nyumba. Nilihesabu viatu vilivyokuwa kwenye rafu, kwa sababu huwa nahesabu vitu. Jozi kumi na tatu, za kiume na za kike, jozi moja ya mtoto. Wageni sikuona hata mmoja.

Msimamizi alikuwa mtu mrefu, koti limefungwa vifungo vyote. Aliongea kwa sauti ya mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Karibuni. Tulikuwa tunawatarajia."

Daftari la wageni lilikuwa kubwa, la safu nne: tarehe, majina, atokako, maelezo. Alinieleza desturi ya nyumba. Mgeni anapofika jina lake huandikwa. Anapoondoka hulikata kwa mstari, kwa mkono wake mwenyewe. Walioandikwa mstari mmoja huondoka pamoja, na mstari ukishakatwa umefungwa.

Shemeji alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu, kwa hiyo daftari nilisogezewa mimi. Mstari wetu ulikuwa umeshaanzwa kutokana na barua ile. Jina la shemeji lilikuwa kamili. Baada yake paliandikwa: na mke.

Lazima niseme jambo kuhusu kazi yangu. Kwa miaka thelathini na mmoja watu walikuja dirishani kwangu na kuniambia niandike mke wa fulani, mama wa fulani. Nami nilikuwa nawauliza swali moja: ana jina? Wengine walikasirika. Wengine walikwenda nje kuuliza. Hakuna mwanamke aliyepita katika daftari langu akiwa "na mke". Na huyu alikuwa mdogo wangu.

Nilichukua kalamu. Juu ya yale maneno mawili niliandika jina lake, jina la baba yetu, na jina la babu yetu, yote matatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilikusudia kuhamia safu ya nne na kuandika "marehemu". Ndivyo inavyofanywa. Nikainua kalamu.

Msimamizi aliweka kiganja chake juu ya safu ile. Kilikuwa kikavu, hakina jasho wala joto.

"Inatosha," alisema. "Ameshafika."

Nilidhani ni adabu tu, kwamba hakutaka kuona mgeni akiandika neno lile mbele ya mfiwa. Niliandika jina langu kwenye mstari wa chini yake, nikaweka kalamu.

*

Saa tisa ukungu ulishuka ukafunika madirisha. Tulipewa chai katika sebule ya mbele. Vikombe vilikuwa vitatu.

"Tuko wawili," nilimwambia msimamizi.

"Daftari linasema watatu, mzee."

Shemeji alikitazama kikombe cha tatu kwa muda. Kisha akavuta kiti cha pembeni yake, akakimiminia kikombe kile chai, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga. Mdogo wangu alikuwa anaweka viwili. Ningeweza kusema neno. Lakini mimi si mtu wa kusema neno mezani, na huzuni ya mtu ni chumba chake. Tulikunywa. Tuliponyanyuka kikombe cha tatu kilikuwa kitupu. Mkono wa kikombe ulikuwa umegeuzwa kushoto.

Jioni shemeji alikula. Alikula supu, akaomba tena, akafuta bakuli kwa mkate. Nilimwona mpwa wangu kichwani akifurahi.

"Hii tunaiweka ukurasa wa kwanza," shemeji alisema. "Unajua ameniambia nini kuhusu ngazi?"

"Nani?"

Aliweka kijiko chini taratibu. "Nimechoka," alisema. "Ngoja nikalale."

Usiku sina la kusimulia. Nililala.

Asubuhi niliamka nikangoja kusikia gari. Saa moja ilipita. Saa moja na dakika tano ikapita. Uani kulikuwa kimya.

Nilimkuta shemeji mezani, daftari lake la kazi mbele yake, anapaka siagi mkate. Uso wake ulikuwa na rangi.

"Hujawasha gari," nilisema.

"Hatuondoki leo." Aliinama karibu yangu. "Mwenzangu hajisikii vizuri. Amekohoa tangu alfajiri. Nimemwambia asishuke."

"Shemeji, mwenzako tulimzika."

Hakukasirika. Aliendelea kupaka siagi mpaka pembeni mwa mkate.

"Nakumbuka," alisema. "Wewe ndiye uliyejaza fomu. Na wewe ndiye uliyemwandika hapa. Ameniambia."

Alikuwa hajaliona daftari la wageni.

Nilivuta daftari la kazi nikalisoma. Juu palikuwa na maneno yake kuhusu paa na meko, mwandiko wake ule wa kuinamia mbele. Chini palikuwa na mistari miwili. "Maji ya moto: yanachelewa. Godoro: zuri upande wa dirishani." Maneno yalilalia nyuma. Wino ulikuwa umechafuka. Niliugusa.

Ulikuwa bado mbichi.

*

Nilipanda ngazi. Zilikuwa kumi na sita. Chumba chao kilikuwa cha mwisho, mlango umerudishwa bila kufungwa kwa ufunguo. Nilisimama nje.

Ndani mtu alikohoa. Mara tatu. Akanyamaza.

Kisha tena mara tatu.

Niliweka mkono juu ya kitasa. Kilikuwa baridi.

"Kaka," sauti ilisema.

Niliacha mkono pale pale kwenye kitasa.

"Umeniandika vizuri. Jina lote."

Sakafu ya upande wa dirishani ililia kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Huku kuna baridi, Kaka. Usiniondolee huyu. Au usiniache hapa."

Sikufungua mlango. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa hofu. Nadhani hofu ilikuwepo, lakini mbele ya hofu palikuwa na jambo lingine la kijinga zaidi: mtu hafungui mlango wa chumba cha mdogo wake na mumewe. Nililelewa hivyo. Nilitoa mkono nikashuka.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya mapokezi. Daftari la wageni lilikuwa wazi kwenye ukurasa wetu.

"Nataka kufuta jina," nilisema.

"Anayefuta ni mwenye jina."

"Niliandika mimi."

"Ndiyo. Ndiyo maana amefika."

"Na kama shemeji yangu akitaka kuondoka peke yake?"

"Mstari mmoja haukatwi nusu, mzee. Wewe una mstari wako. Waweza kuondoka hata sasa hivi."

Nilimkumbuka mpwa wangu kwenye kiti chenye mto. Unirudishie. Na nikaikumbuka kazi yangu. Katika ofisi yetu pia hakuna kilichofutwa. Karani akikosea, kosa lilibaki lilivyo, na pembeni mwa ukurasa, pale pambizoni, iliandikwa sahihisho, likatiwa tarehe na sahihi. Sahihisho la pambizoni lina nguvu kuliko mstari wenyewe.

"Nitaandika pambizoni," nilisema.

Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu wa kazi anavyomtazama mwenzake.

"Pambizo ni lako," alisema, akanipa kalamu.

Nilijua cha kuandika. Jina lake, na mbele yake neno lile, na tarehe. Maneno matano. Nilikuwa nimeshayaandika pamoja mara moja, wiki kumi na moja nyuma, mkono ukiwa mkavu. Safari hii nilipoweka kalamu kwenye karatasi, juu ya kichwa changu nilisikia nyayo. Zilitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Zikasimama pale, kana kwamba zinasikiliza kalamu.

Mkono ulikataa. Mimi niliyeuliza watu ana jina, ana jina, nilishindwa kuliandika.

Niliandika: "Mmoja wa waliotajwa hapa ni marehemu." Nikatia tarehe. Nikatia sahihi.

Msimamizi alisoma polepole. Akaukausha wino kwa karatasi ya kunyonya.

"Hukusema yupi," alisema.

Nilikuwa na nafasi, labda ya mtu kuhesabu mpaka kumi, ya kumwomba kalamu tena. Nilinyamaza kama nilivyonyamaza mezani.

"Basi," alisema, akafunga daftari.

Juu, vikohozi vilikoma. Kiti kiliburutwa kwenye chumba cha chakula nyuma yangu. Kisha shemeji alipita mbele yangu bila kunitazama, mkate wake mkononi, akapanda ngazi zote kumi na sita. Mlango wa mwisho ulifunguliwa. Ukafungwa.

Niliketi kwenye benchi la mlangoni. Nilihesabu viatu. Jozi kumi na tano, pamoja na vyetu.

*

Alishuka baada ya robo saa, amevaa koti. Alishika ukuta wa ngazi kwa mkono wa kushoto.

"Twende," alisema.

Nilifurahi kwa namna nilivyokuwa naweza kufurahi mwaka ule, yaani niliinuka kwenye benchi mara moja. Msimamizi alifungua daftari. Nilikata mstari wangu. Shemeji alichukua kalamu akakata wake, mpigo mmoja. Alikata kwa mkono wa kushoto. Nilisema moyoni mwangu, mkono wa kulia umeshika begi. Lakini begi nilikuwa nimelishika mimi.

Kwenye rafu nilimpa viatu vyake. Alivitazama.

"Hivi si vyangu."

"Ni vyako, Shemeji. Umekuja navyo jana."

"Vikubwa," alisema, akatoka na ndara za nyumba.

Uani nilimtolea funguo za gari kutoka kwenye begi lake. Alizigeuza kiganjani kama mtu anayeangalia sarafu ya nchi nyingine.

"Sijui kuendesha," alisema.

Hakusema hawezi. Alisema hajui.

Tulishuka kwa lori lililoleta mboga. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi na hakuhitaji kujibiwa. Tulikaa watatu mbele. Kabla hatujaondoka shemeji alinigusa bega.

"Naomba nikae upande wa dirishani."

Nilimpisha.

Mpwa wangu alikuwa anangoja mlangoni. Alimkumbatia baba yake, tumbo likiwa katikati yao, na juu ya bega lake akaniambia kwa midomo bila sauti: asante. Mfukoni nilikuwa bado na ule mkate ndani ya leso. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani, ingawa ulikuwa wa jana yake.

*

Wiki zilizofuata habari zilikuwa njema. Kila mtu alisema hivyo.

"Anakula, Mjomba," mpwa wangu aliniambia. "Ananikunjia nguo za mtoto. Ananishika tumbo, ananiambia amelalia wapi, na mkunga anasema ni kweli. Baba yangu huyu, aliyekuwa hajui kukunja leso. Ila anakulia mkono wa kushoto siku hizi. Daktari anasema labda ni kiharusi kidogo kimepita."

"Labda," nilisema.

"Na kile kikohozi. Lakini daktari amesema si kitu."

Jumapili moja nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amekaa dirishani, amepakata sweta dogo la kichanga. Mpwa wangu alikuwa jikoni anacheka na mumewe kuhusu sufuria iliyoungua.

Kwa miaka arobaini mtu huyu aliniita Shemeji. Katika harusi, katika misiba, katika ugomvi wetu mmoja wa zamani juu ya ukuta wa uani, hakuwahi kuniita vingine.

Aliinua macho akatabasamu.

"Karibu, Kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua hutanitaja."

Nilikunywa chai yangu. Nikaaga.

Mwezi ulipoisha, mume wa mpwa wangu alikwenda milimani kuchukua gari. Aliporudi alikuja kwangu kwanza.

"Mjomba, nyumba ile imefungwa?"

"Kwa nini?"

"Nimegonga, hakuna aliyefungua. Lakini gari limeoshwa. Halafu nilifika saa moja na nusu, baridi ile ya kukata masikio, na boneti ilikuwa ya moto. Nani analiwasha?"

Nilimwambia huenda ni msimamizi. Alinipa daftari. Alikuwa amelikuta juu ya kiti cha dereva, na kwenye jalada paliandikwa: Apewe shemeji.

Nilingoja aondoke.

Lilikuwa daftari la kazi, lile lile. Baada ya ukurasa wa nyumba ya tatu kulikuwa na kurasa mpya, moja kwa kila siku, kuanzia siku ile tuliyoondoka mpaka asubuhi ile ile kijana alipofika. Mwandiko uliinamia mbele. Kila ukurasa ulikuwa na mistari miwili, ile ile. "Gari: nimeliwasha dakika tano. Godoro: zuri upande wa ukutani. Upande wa dirishani mtupu."

Siku ishirini na nane. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari wa tatu.

"Shemeji, pambizo bado lina nafasi."

Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike Jumatano iliyofuata. Fomu nilijaza mimi. Aliyempakata mtoto alisimama nyuma yangu muda wote, akitazama kalamu, na mpwa wangu alisema kitandani kwamba hajawahi kumwona baba yake mwenye furaha namna ile.

Milimani sijarudi. Kila Jumanne nachonga penseli, nazipanga, nazirudisha kwenye sanduku.

Gari wameliacha uani kwangu, kwa sababu kwao hakuna nafasi. Mimi sijui kuendesha, na funguo nimezifungia kwenye sanduku hilo hilo la penseli. Saa moja na dakika tano asubuhi mimi hutoka nje na kuweka kiganja juu ya boneti.

Ni ya moto.